Mpunga au Ndege? Neno "Polisi" na Kitenzi Chake Kilichokosekana

Utangulizi

Muhula uliopita, katika semina ya tafsiri, tulipewa aya moja ya Kiingereza tuifasiri. Ilikuwa aya fupi, ya kawaida kabisa, inayozungumzia miji na utawala wake. Tulikwenda vizuri mpaka mstari wa tatu, tukakwama kwenye neno moja: policing. Aliyekaa kulia kwangu aliandika "upolisi". Wa kushoto akaandika "udhibiti". Dada mmoja wa mbele akaandika "kudumisha usalama". Mwenzetu wa nyuma, ambaye hakosi utani, akasema kwa sauti: "Andikeni kukamata, yaishe!" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akatuuliza: "Sasa mbona mmecheka?"

Hakuna aliyejibu. Nilirudi bwenini na swali hilo, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Hebu tuyapime majibu yetu moja moja. "Upolisi" ni kazi ya mtu, kama ualimu au uganga; unasema "kaacha upolisi, siku hizi ana duka". Neno hilo halitaji tendo. "Udhibiti" unafaa kwa bei, kwa magugu, kwa malaria, kwa kila kitu. "Kudumisha usalama" ni lugha ya risala; sijapata kumsikia mtu akiisema kwenye daladala. Limebaki "kukamata", na tulicheka kwa sababu ndilo pekee lililokuwa la kweli.

Tena Kiswahili si lugha ya kushindwa kuunda kitenzi. Tulipoyataifisha mabenki mwaka 1967 kitenzi kilikuwepo, na tulipoanza kubinafsisha viwanda katika miaka ya 1990 kitenzi kikapatikana pia. Iweje basi neno polisi, ambalo tumekaa nalo muda wote huu, hatukulizalishia kitenzi? Hoja yangu ni hii: polisi aliingia katika lugha yetu kama mtu, hakuingia kama kazi. Kazi yenyewe tulikuwa na neno lake la siku nyingi, nalo ni kulinda. Maneno haya mawili yameishi nyumba moja bila kufunga ndoa. Na kulinda lenyewe, kama nitakavyoonyesha, lina nyuso mbili.

Neno lilikotoka

Asili ya neno polisi ni Kigiriki. Polis ulikuwa mji wenye kujitawala, na politeia ulikuwa utaratibu wa maisha ya raia katika mji huo. Likapita Kilatini, likaingia Kifaransa, kisha likavuka bahari kwenda Uingereza. Katika Ulaya ya karne ya 17 na 18 neno hilo halikuwa jina la mtu mwenye sare. Lilikuwa na maana ya utaratibu mzima wa mji: usafi wa mitaro, mizani ya sokoni, bei ya mkate, taa za barabarani. Mwaka 1667 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliunda cheo cha mkuu wa polisi wa Paris, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuhakikisha mitaa ya mji ina taa usiku. Neno lilikuja kubanwa baadaye, hasa baada ya Robert Peel kuunda polisi wa London mwaka 1829. Hata hivyo, Mwingereza anaposema policing leo, nyuma ya neno lake kuna kivuli cha ule mji wa zamani na kazi ya kuufanya ukalike.

Sisi tulilipokea likiwa limekwisha kubanwa. Lilitufikia limevaa kaptula ya kaki na tarbushi, limeshika rungu. Ile habari ya mitaro na taa ilibaki kwao.

Ushahidi uko katika mazungumzo yetu ya kila siku. Tazama vitenzi vinavyofuata neno hilo: polisi wamemkamata, wamemshika, wamempakia, wamemweka ndani, wamemwachia. "Wamemlinda" ni nadra kulisikia. Ukiambiwa "fulani analindwa na polisi", basi ama ni mkubwa wa serikali, ama ni mgonjwa aliyefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali. Tazama pia msamiati wa mtaani uliozaliwa pembeni ya neno hilo: karandinga, pingu, kirungu, na ile "tanganyika jeki", yaani kunyanyuliwa kwa ukosi wa suruali mpaka unatembea kwa ncha za vidole. Vijana wa Dar es Salaam wana "njagu", wa Nairobi wana "karao". Hayo yote ni maneno ya mtu anayetazama mkono unaomjia.

Na lipo neno jingine, raia. Asili yake ni Kiarabu, na huko mzizi wake unahusiana na mchungaji na kundi lake. Katika Kigiriki, polis na raia wa mji huo ni mzizi mmoja. Askari wa mji na mwana wa mji wanatoka tumbo moja. Katika Kiswahili "raia" ni kinyume cha "askari". Askari aliyevua sare husema "leo nimevaa kiraia". Kuna hata "raia wema", wale wanaotajwa redioni kila siku kwamba polisi walipata taarifa kutoka kwao. Mimi hujiuliza: ikiwa wanaotoa taarifa ndio wema, sisi wengine tuliolala usingizi wetu ni raia gani?

Askari na afande

Kabla ya polisi alikuwepo askari. Neno hili ni la Kiarabu na maana yake ya kwanza ni mwanajeshi. Pwani ililijua tangu enzi za masultani wa Zanzibar, waliokuwa na askari wao wa Kibulushi. Lakini lililolipa neno uzito tulionao leo ni vita vya mwaka 1888 na 1889, pale watu wa mrima walipoongozwa na Abushiri bin Salim kuikataa Kampuni ya Kijerumani. Serikali ya Ujerumani ilimleta Hermann von Wissmann, naye akaajiri mamia ya Wasudani kutoka Misri na watu wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Habari za vita hivyo tunazo katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry, na msomaji asiyeujua utenzi huo autafute, kwa maana umeandikwa na mtu wa pwani hiyohiyo, si na mshindi.

Wale Wasudani walikuja na neno lao la heshima, afande. Ni efendi ya Kituruki, jina la kumwita bwana au ofisa katika jeshi la Misri. Na efendi nayo wataalamu wanaifuatilia mpaka Kigiriki cha zama za kati, kwa neno lenye maana ya bwana mwenye mamlaka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unaposimamishwa usiku ukasema "Samahani afande", umetumia neno la Kigiriki kama lilivyo polisi. Ila moja lilitoka kwenye mji na jingine lilitoka kwa bwana. Lile la mji tulilichukua kama jina tu. Lile la bwana ndilo tunalolitamka ana kwa ana.

Mwaka 1891 jeshi la Wissmann likawa rasmi jeshi la koloni, likaitwa Schutztruppe. Hapa nataka tusimame kidogo. Schutz kwa Kijerumani ni ulinzi. Jeshi lililochoma vijiji liliitwa Kikosi cha Ulinzi, na nchi yenyewe ikaitwa eneo linalolindwa. Waingereza nao, walipoitwaa Zanzibar mwaka 1890, waliiita nchi iliyo chini ya ulinzi wao. Tangu mwaka 1898 askari hao ndio waliosimamia kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho. Viboko vya adhabu vilikuwa 25, na watu wakavipa jina lililobaki midomoni mwa wazee, "hamsa ishirini". Wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi ili njaa imalize kazi ya bunduki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Hiyo ndiyo Schutz.

Mjini Dar es Salaam ilisimama sanamu ya Wissmann, na miguuni pake askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa huko, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakaiangusha. Hapa kwetu, mahali pake, mwaka 1927 Waingereza waliweka sanamu ya askari peke yake, kwa kumbukumbu ya waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo ile tunayoiita Sanamu ya Askari, singe yake imeelekea bandarini. Bwana kaondoka, askari kabaki. Wakati huo jeshi la polisi la Tanganyika lilikuwa limekwisha kuundwa, mwaka 1919, na watu wakaunganisha maneno mawili wakasema "askari polisi". Unganisho hilo lingali hai, na linaeleza historia nzima: polisi ni aina ya askari, kama ilivyo askari magereza, askari wa jiji na askari kanzu, huyu wa mwisho akiwa ndiye aliyeficha sare yake.

Kulinda ndege

Sasa nirudi kwenye kitenzi chetu. Nimekulia Bonde la Kilombero, kwenye mpunga. Mpunga unapoanza kutoa masuke watoto wa kule hawana likizo. Alfajiri uko shambani juu ya dungu, lile jukwaa la miti, una kombeo, vidonge vya udongo na debe bovu la kupiga. Kwelea kwelea wakitua kundi moja dakika chache tu, umeshalala njaa. Mtu akipita njiani akakuuliza, "Mwanangu, wafanyaje huko juu?" unamjibu: "Nalinda ndege, shikamoo."

Nalinda ndege! Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaelewa kwamba mtoto huyu hawatunzi ndege. Anaulinda mpunga dhidi yao. Vivyo hivyo watu hulinda nguruwe, hulinda nyani, hulinda viboko. Kitenzi linda kinaweza kuchukua yambwa ya kile kinachohifadhiwa, na kinaweza kuchukua yambwa ya yule anayefukuzwa. "Kulinda shamba" na "kulinda ndege" ni kazi moja, dungu moja, kombeo moja. Lakini mpunga na ndege hawako upande mmoja.

Wanasarufi wenzangu watasema hili ni jambo dogo la yambwa. Mimi naona ndilo jambo lenyewe. Tunaposoma kwamba polisi wanalinda raia, sarufi ya lugha yetu inaturuhusu kuuliza: raia katika sentensi hii ni mpunga au ni ndege? Kikosi cha Ulinzi cha Wajerumani kililinda nchi kweli, hilo halina ubishi. Swali ni nani alikuwa mpunga na nani alikuwa ndege, na jibu tumeliona kwenye maghala yaliyochomwa.

Tanbihi moja: dungu hilo lina jina jingine, ulingo. Siku hizi ulingo ni mahali pa mabondia na wanasiasa. Aliyepanda juu ili atazame sasa kapanda ili atazamwe.

Baada ya uhuru

Ingekuwa rahisi kuishia kwa wakoloni, na wengi wetu huishia hapo. Lakini maneno hayakushuka na bendera.

Kikosi cha kutuliza ghasia kinajulikana kwa herufi zake tatu za Kiingereza, FFU, na wananchi walizipa herufi hizo maana yao wenyewe: Fanya Fujo Uone. Nadhani huu ni uhakiki bora kabisa wa lugha uliofanywa na watu ambao hawakuwahi kukaa darasani kwetu. Jina rasmi linasema "kutuliza", tendo la mama na mtoto anayelia. Jina la watu linasema "uone". Wanafunzi wa Mlimani waliona tarehe 5 Machi 1978, walipoandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Maandamano yalivunjwa, na mamia yao wakafukuzwa chuo.

Au chukua neno mgambo. Wote tunajua kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mgambo wa zamani ulikuwa mwito: baragumu linapigwa, watu wanatoka majumbani kusikiliza habari inayowahusu wote. Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, neno hilo lilipewa jeshi la wananchi, kwa nia njema kabisa: kila raia awe mlinzi wa nchi yake. Leo mama lishe akisikia "mgambo!" hatoki kusikiliza, anabeba sufuria anakimbia. Zamani mgambo ulimwita mtu. Sasa unamfukuza.

Halafu kuna sungusungu, jina la wale siafu weusi wanaotembea kwa safu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Unyamwezini na Usukumani, wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na bunduki zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wanakijiji walijikusanya wenyewe kwa pinde, mishale na yowe. Mtu akipiga yowe, kijiji kizima kinatoka. Walirudisha ng'ombe wengi, na chama na serikali wakawaunga mkono. Mwaka 1989 sheria ikawapa mamlaka ya kukamata. Hapa kitenzi kulinda kilikuwa kimerudi kwa wenyewe hasa. Lakini haohao sungusungu, katika vijiji kadhaa, waliwageukia vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Wapo waliofukuzwa na wapo waliouawa. Kwa hiyo haitoshi kusema ulinzi ukiwa wa wananchi basi mambo shwari. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni aligeuzwa ndege katika kijiji alichokijenga mwenyewe.

Fasihi nayo inalinda

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza: haya yanahusu nini uhakiki wa fasihi? Yanahusu sana, na nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Riwaya hiyo ina polisi wake, Inspekta Seif. Lakini anayefumbua fumbo ni Bwana Msa na kiko chake, raia wa kawaida asiye na cheo wala pingu. Wahakiki wamezoea kusema hii ni athari ya Sherlock Holmes, na ni kweli. Lakini mfano ulikubalika kwa wasomaji wetu kwa urahisi mno, na nadhani ni kwa sababu ulitenganisha mambo ambayo lugha yetu ilikuwa imekwisha kuyatenganisha: polisi ni wa kukamata mwishoni, kazi ya kutazama, kuuliza na kujali nani kafa na kwa nini ni ya jirani.

Mfano wa pili unatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Neno alilochagua ni sheria. Mwaka 1963 mwandishi huyohuyo alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, jambo ambalo si hoja, ila linapendeza. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina na mizani ya mazoea, ulizuka mgogoro ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili ameusoma. Wanajadi walisema wanaulinda ushairi wa Kiswahili. Nawaheshimu, na vina navipenda. Lakini kitenzi ni kilekile na swali ni lilelile: mshairi kijana alikuwa mpunga au alikuwa ndege? Nani alipiga debe, na nani aliruka? Mwingereza hutumia policing kwa jambo kama hili pia, kuchunga nani anasema nini na kwa namna gani. Sisi hatuna neno la kulilaumu tendo hilo, maana kulinda kwetu ni sifa. Anayelinda hahojiwi.

Siku hizi

Wakubwa wenyewe wameona kwamba neno limechoka. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliacha kuita polisi jeshi ikawaita huduma, na kaulimbiu yao ni "Utumishi kwa Wote". Mwaka 2013 wakaanzisha Nyumba Kumi, mpango waliouazima kwetu, kwa mabalozi wa nyumba kumi wa TANU wa miaka ya 1960. Tanzania, tangu mwaka 2006, ilihimizwa Polisi Jamii, na mitaani kukawa na ulinzi shirikishi. Mwaka 2023 tume ya rais iliyochunguza taasisi za haki jinai ilipendekeza jeshi letu la polisi nalo ligeuzwe kuwa chombo cha huduma. Sibezi mapendekezo hayo. Nasema tu kwamba neno halibadiliki kwa kupakwa rangi mlango wa kituo.

Na magazeti yetu yanasaidia kulificha. Kila siku tunasoma kwamba mtuhumiwa "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Tazama sentensi hiyo kama mhakiki. Wananchi hawana majina, hasira ndiyo yenye sifa, na ukali umehamia kwenye nomino ili mikono isionekane. Ni tungo iliyokomaa kiasi kwamba mwandishi haitungi tena, anaichukua kabatini.

Nilikuwa mmoja wa wananchi hao. Mwaka wa pili nilipanga chumba nje ya chuo. Kila mwezi walipita vijana wa mtaa kukusanya shilingi elfu mbili, na walinipa kikaratasi kilichoandikwa "mchango wa ulinzi". Usiku mmoja, saa nane hivi, filimbi zililia na watu wakapiga kelele "Mwizi! Mwizi!" Nilitoka na wenzangu. Walikuwa wamemzunguka kijana mmoja aliyekuwa na mtungi wa gesi begani. Alikuwa akisema kitu, lakini kwa zile kelele hakuna aliyemsikia. Sikumpiga. Nasisitiza hivyo kila ninapokisimulia kisa hiki, na kila ninaposisitiza najiona mdogo zaidi, kwa maana sikusema neno pia. Nilisimama na kanga ya kuazima begani, nikatazama, nikawaza kuwa mtungi wangu uko ndani salama. Mzee mmoja, ambaye mpaka leo namwamkia kwa heshima zote, alijipenyeza katikati akapiga yowe: "Muulizeni kwanza katoka wapi!" Wakamuuliza. Mtungi ulikuwa wa shangazi yake, anauza chipsi barabarani, kafunga biashara usiku ule. Mkono wa kijana ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Asubuhi nilikitazama kile kikaratasi changu. Nilikuwa nimelipia. Kwa lugha iliyo sahihi kabisa, usiku ule nililindwa. Mimi nilikuwa mpunga.

Hitimisho

Sasa naweza kumjibu mwalimu wetu. Tulicheka kwa sababu mwenzetu alitaja tendo ambalo lugha rasmi hulizunguka. Kiswahili hakikukosa kitenzi cha polisi kwa uvivu. Polisi aliletwa kwetu kama mtu wa kutekeleza amri ya bwana, na wasemaji wakampa vitenzi vya yale waliyoyaona akiyafanya. Kulinda walikiweka kwa ajili ya shamba, nyumba na mtoto. Walijaribu kukirudisha kwa mgambo, kwa sungusungu, kwa ulinzi shirikishi, na kila mara kikaja na uso wake wa pili, kwa sababu kitenzi hiki hakisemi chenyewe nani analindwa na nani anafukuzwa. Hilo ni juu ya msemaji kulisema.

Katika daftari la semina niliandika mwishowe "ulinzi wa mji", nikikumbuka mitaro na taa za Paris. Mwalimu akanipa alama nusu. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Dhidi ya nani?" Nimekubali kukosolewa, na sina tafsiri bora zaidi hadi sasa. Ninachoomba, ndugu wasomaji, ni kwamba kila mtu anapoambiwa au anaposema mwenyewe kuwa kuna kitu kinalindwa, iwe ni usalama, amani, maadili au lugha, auzoee mtindo wa yule mzee wa mtaani kwetu: aulize kwanza. Mwenye neno la kufaa kuliko langu alilete kwenye jarida, tulijadili.